Farasi wa d5: mchezo alioupoteza Marshall na ufunguzi uliomzidi umri

Tarehe 23 Oktoba 1918, mjini New York, katika mashindano ya Klabu ya Sataranji ya Manhattan, Frank Marshall alimwachia José Raúl Capablanca askari wa bure kwenye hatua ya 8. Kwenye hatua ya 36 Marshall akasalimu amri. Michezo mingi ya sataranji hufa na matokeo yake: mtu alijaribu jambo, likamkataa, watu wakaendelea na mengine. Huu haukufa. Ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, uliotumika siku hiyo unaitwa Shambulizi la Marshall mpaka leo, na zaidi ya miaka mia moja baadaye wapo mabingwa wa dunia wanaokwepa kuuingia wakiwa na kete nyeupe, yaani wakiwa upande wa yule aliyeshinda.

Anayeanza kusoma fani hii akikutana na jambo hilo huchanganyikiwa, na ana haki. Nyeupe alipata askari wa ziada, akalizima shambulizi, akashinda. Sasa anaogopa nini? Jibu limo ndani ya mchezo wenyewe. Nimeurudia mara nyingi, na kila mara naishia kwenye nyumba moja ya ubao: d5.

Kwa asiyezoea majina ya nyumba, safu wima za ubao zinaitwa a mpaka h, kushoto kwenda kulia ukikaa upande wa kete nyeupe. Safu za kulala zinahesabiwa 1 mpaka 8 kutoka kwa Nyeupe kwenda kwa Nyeusi. Mfalme wa Nyeupe anaanzia e1, wa Nyeusi e8. Ukiwa na ubao karibu, utoe. Mchezo huu unaeleweka zaidi vidole vikigusa kete.

Wachezaji wenyewe wanastahili maneno machache. Marshall alizaliwa New York mwaka 1877, na alikuwa bingwa wa Marekani tangu 1909 hadi 1936. Alipenda kushambulia, na alikuwa tayari kutoa kete yoyote ile ili amfikie mfalme wa mwenzake. Capablanca alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1888. Alijifunza sataranji akiwa na miaka minne kwa kumtazama baba yake akicheza. Mwaka 1909 wawili hao walipambana katika mechi ndefu, na kijana wa miaka 20 akamshinda Marshall michezo minane kwa mmoja, sare 14. Mwingine angeweka kinyongo. Marshall, kinyume chake, alisimama kidete ili Capablanca aalikwe kwenye mashindano makubwa ya San Sebastián mwaka 1911, na Capablanca akayashinda. Kufikia 1918 Capablanca alikuwa katikati ya kipindi cha miaka minane, 1916 hadi 1924, ambacho hakupoteza mchezo hata mmoja rasmi. Bingwa wa dunia angekuja kuwa mwaka 1921, lakini wachezaji wengi walishajua kwamba njia ya kumfunga haijapatikana.

Ndiyo maana Marshall alihitaji kitu kipya.

Mchezo ulianza kwa Ufunguzi wa Kihispania, ambao wengi huuita Ruy López kwa jina la padri wa Kihispania aliyeuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1561. Nyeupe anasogeza askari e4, Nyeusi anajibu e5. Farasi wa Nyeupe anatoka f3 akimtishia askari wa e5, farasi wa Nyeusi anatoka c6 kumlinda. Kisha askofu wa Nyeupe anakwenda b5 na kumkabili yule mlinzi. Ufunguzi mzima umejengwa juu ya swali hilo dogo: askari wa e5 analindwa na nani, na mlinzi huyo atadumu hadi lini? Nyeusi akasogeza askari a6, askofu akarudi a4. Farasi wa pili wa Nyeusi akatoka f6. Mfalme wa Nyeupe akahamishiwa pembeni, g1, na ngome ikamruka ikakaa f1. Askofu wa Nyeusi akatoka e7, ngome ya Nyeupe ikasogea e1 kumlinda askari wa e4. Nyeusi akasukuma askari b5, askofu akarudi tena, b3. Hapo Marshall naye akampeleka mfalme wake g8.

Mpaka hapo ni hatua saba kwa kila upande, na anayeijua Kihispania huona kitu kwenye hiyo ya saba. Kawaida Nyeusi angesogeza kwanza askari d6 ili amtie nguvu askari wa e5. Marshall hakumsogeza. Capablanca akacheza c3, hatua ya kawaida kabisa inayoandaa askari wa d aende d4 na kulitwaa eneo la kati. Marshall akamsukuma askari wake wa d nyumba mbili kwa mpigo: d5.

Hapo ndipo askari wa e5 anapoachwa. Askari wa Nyeupe anakula d5, farasi wa Nyeusi anamla na kukaa hapo. Farasi wa Nyeupe anakula e5, farasi wa c6 anamla farasi huyo, na ngome ya e1 inapanda kumla. Hesabu ya kete: Nyeupe amezidi kwa askari mmoja.

Wanaocheza drafti vijiweni wanajua sheria yao: kete ikitegwa mbele yako, ni lazima uile hata kama unauona mtego. Kwenye sataranji sheria hiyo haipo. Capablanca angeweza kukataa. Aliandika baadaye kwamba alifikiri kwa muda kabla ya kumla askari huyo, akijua kwamba atashambuliwa vikali na kwamba mpinzani wake anazijua njia zote, lakini akahisi uamuzi wake na ustadi wake vinapimwa. Akala. Kwangu mimi huo ni ujasiri wa hali ya juu, kwa sababu ulitoka kwa mtu asiyependa kubahatisha.

Sasa tusimamishe ubao hapo na tutazame askari huyo amenunua nini.

Cha kwanza ni muda. Ngome ya Nyeupe ilitoka f1 ikaenda e1, sasa iko e5, na hapo haiwezi kukaa. Askofu wa Nyeusi atasogea d6 na kuitimua, nayo itarudi e1. Hatua mbili zimekwenda, na ngome iko palepale ilipokuwa. Askofu wa Nyeusi, kwa upande wake, amepata nyumba nzuri kuliko ile ya e7, na ameipata huku akimlazimisha mwenzake kukimbia.

Cha pili ni mlinzi. Farasi wa f3 ndiye mlinzi mkuu wa mfalme aliyekaa g1, maana anaiangalia h2 na kumzuia malkia wa adui asiingie h4. Farasi huyo amekwenda kula askari, akauawa e5. Mfalme wa Nyeupe amebaki na askari watatu tu mbele yake, na njia ya malkia kwenda h4 iko wazi.

Cha tatu, ambacho wanafunzi hukisahau, ni usingizi wa upande wa kushoto wa Nyeupe. Farasi yuko b1, askofu yuko c1, ngome iko a1, hakuna aliyesogea. Nyumba nzuri zaidi ya farasi huyo ilikuwa c3, na Nyeupe mwenyewe ameiziba kwa askari wake. Askofu wa c1 amezibwa na askari wa d2. Kwa hiyo, japo Nyeupe ana kete nyingi kwenye ubao, pale penye vita ana kete chache. Nyeusi ana maaskofu wawili walio wazi, malkia aliye huru na farasi wa katikati, wote wakiutazama upande aliko mfalme wa adui.

Hiyo ndiyo maana ya kafara katika fani hii. Unachotoa kinahesabika, unachopata hakihesabiki kwa vidole, nacho huyeyuka. Nyeupe akipewa hatua nne au tano za utulivu ataamsha kete zake, na yule askari wa ziada atamshindia mchezo mwishoni. Nyeusi hana siku nzima.

Marshall akachagua kumrudisha farasi wake f6. Ngome ikarudi e1, askofu akaja d6, Capablanca akasukuma askari h3 ili farasi asije g4. Farasi akaja g4 hivyo hivyo! Ukimla kwa askari wa h, malkia anatua h4, mstari wa h umefunguka, na askofu wa d6 anamsindikiza malkia mpaka h2. Capablanca hakumla. Alimleta malkia f3, hatua inayomlinda mfalme na wakati huohuo kuitishia ngome ya Nyeusi iliyo a8. Marshall akaipuuza ngome yake na kumpeleka malkia h4. Kuila ngome hiyo kungemuua Nyeupe papo hapo: malkia anakula f2 na kutoa cheki, yaani kumtishia mfalme moja kwa moja, mfalme anakimbilia h1, malkia anakula ngome ya e1, mchezo umekwisha.

Capablanca akasukuma d4 na hatimaye akamfungulia njia askofu wake wa c1. Farasi akala f2. Hapa kuna jambo ambalo ukiliona unaelewa kwa nini watu hupenda mchezo huu mpaka uzeeni. Malkia wa Nyeupe akimla farasi, Nyeusi anatoa cheki kwa askofu h2, mfalme anasogea f1, askofu anarudi g3 na kumkamata malkia katika hali mbaya. Lakini Nyeusi akikosea mpangilio na kumpeleka askofu g3 moja kwa moja, bila ile cheki ya h2, malkia wa Nyeupe anakula f7 na kutoa cheki. Ngome ikimla malkia, ngome ya Nyeupe inapanda e8 na mfalme wa Nyeusi amefungwa, yaani hana pa kukimbilia. Ngome ya f7 haiwezi kurudi kumkinga kwa kuwa inaminywa na askofu aliye mbali, b3.

Kumbuka huyo askofu wa b3. Tutamrudia.

Capablanca hakumla farasi kwa malkia. Alisogeza ngome e2. Marshall akatoa askofu wake wa pili, g4. Askari wa h akamla. Cheki kwa askofu h2, mfalme f1, askofu g3. Ngome ikala farasi f2, malkia akatoa cheki h1, mfalme akapanda e2, askofu akaila ngome. Mkono wa mtu yeyote ungemwendea askofu huyo wa f2, lakini ukimla, malkia wa Nyeusi anamla askofu wa c1. Capablanca akamsogeza tu askofu wake d2, kwa utulivu, akamtoa njiani. Askofu wa Nyeusi akakimbilia h4, malkia wa Nyeupe akaja h3, ngome ya Nyeusi ikatoa cheki e8, mfalme akaenda d3, malkia akatoa cheki f1, mfalme akaenda c2.

Na hapo shambulizi likaisha. Mfalme aliyeanzia pembeni kulia alikimbia kwa miguu kupitia katikati ya ubao, akafika upande wa kushoto kwenye zile kete zilizolala. Kete ambazo zilikuwa udhaifu wa Nyeupe sasa zimekuwa ukuta wake. Malkia na askofu wa Nyeusi wamebaki upande wa kulia, mbali na mfalme wao na mbali na mfalme wa adui. Ukihesabu sasa, Nyeupe ana maaskofu wawili na farasi pamoja na ngome, dhidi ya ngome mbili na askofu. Amezidi kidogo, lakini hakuna anayemkimbiza tena.

Kilichobaki Capablanca alikifanya kwa mkono wake wa kawaida. Askari wa b na wa a wakapanda kushoto. Ngome ya a1 ilisogea kwa mara ya kwanza kwenye hatua ya 31. Farasi wa b1 aliondoka nyumbani kwenye hatua ya 32. Nazitaja tarakimu hizo kwa makusudi, kwa sababu zinaonyesha kwamba wazo la Marshall halikuwa ndoto: nusu ya jeshi la mpinzani lililala kwa karibu mchezo mzima. Askari wa b akafika b7. Kisha kwenye hatua ya 36 askofu wa Nyeupe akala f7 na kutoa cheki, na Marshall akaacha. Ngome ikimla, askari wa b7 anafika safu ya mwisho na kugeuka malkia, na mfalme wa Nyeusi anafungwa baada ya hatua chache.

Je, kafara ilikuwa mbovu?

Walioufuatilia mchezo huo wangeweza kusema ndiyo, na ingekuwa rahisi kuwaamini. Lakini matokeo ya mchezo ni jambo moja na ukweli wa ufunguzi ni jingine. Mtu anaweza kupoteza kwa kosa la hatua ya 25 huku hatua yake ya 8 ikiwa sawa kabisa. Kazi ya mchambuzi ni kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka apate mahali mambo yalipoharibika.

Turudi basi kwa askofu wa b3. Huyu alimaliza mchezo kwa kula f7. Huyu ndiye aliyeifanya mbinu ya malkia kula f7 iwe tishio pale kwenye hatua ya 16. Mchezo wote alikuwa akiitazama f7 kwa mshazari, c4, d5, e6, f7. Nani alimfungulia mshazari huo? Ni Marshall mwenyewe, pale alipomwondoa farasi d5 na kumrudisha f6. Farasi akiwa d5 alikuwa ameuziba. Alipoondoka ili akashambulie g4, alimwachia Capablanca silaha iliyomlinda na baadaye ikamuua Nyeusi.

Marshall mwenyewe aliendelea kulitafakari jambo hilo baada ya mchezo, na dawa aliyoileta ni hatua ndogo ya askari: c6. Badala ya kumwondoa farasi, unamwekea mlinzi. Farasi anabaki d5 akimzima askofu wa b3, na Nyeusi hapotezi chochote katika shambulizi lake, kwa sababu ngome ya e5 bado itatimuliwa na askofu anayekuja d6, na malkia bado ana njia ya h4.

Tangu hapo ubao unasonga hivi mara nyingi: Nyeupe d4, askofu wa Nyeusi d6, ngome e1, malkia h4. Nyeupe analazimika kusukuma g3 ili asifungwe h2, malkia anasogea h3. Sasa tazama kilichotokea kwa mfalme wa Nyeupe. Askari wa g amesogea mbele, na nyumba nyeupe zilizomzunguka, f3, g2, h3, hazina mlinzi. Askofu wa Nyeupe anayetembea nyumba nyeupe yuko b3, mbali, na amezibwa na farasi. Askofu wa Nyeusi atakuja g4 kuzitwaa nyumba hizo, ngome itakuja e8 na kisha e6, ikilenga h6. Nyeupe bado ana askari wake wa ziada. Lakini kila hatua anayocheza lazima iwe sahihi, na hatua sahihi ni moja au mbili tu.

Boris Spassky alionyesha uzito wa silaha hiyo mwaka 1965 mjini Tbilisi, katika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Mbele yake alikaa Mikhail Tal, mshambuliaji aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake. Spassky aliutumia ufunguzi huu akiwa na kete nyeusi, akamfanya Tal awe mtu wa kujilinda. Alishinda mechi hiyo, akaenda kupambana na Tigran Petrosian mwaka 1966.

Kuna hadithi inayosimuliwa kila mahali kwamba Marshall aliuficha ufunguzi huu kwa miaka tisa, tangu kipigo cha 1909, akimsubiri Capablanca aje mezani na nafasi inayofaa. Ni hadithi tamu, na naelewa kwa nini watu hawaiachi. Ushahidi hauiungi mkono. Kati ya 1910 na 1918 Marshall alipata nafasi za kuutumia dhidi ya Capablanca na hakuzitumia. Alishaucheza mwaka 1917 dhidi ya mtu mwingine palepale New York. Na wazo lenyewe la d5 lilishaonekana Havana mwaka 1893, Capablanca akiwa mtoto wa miaka minne katika mji huohuo. Heshima ya Marshall haitegemei siri. Inategemea kwamba alilijaribu wazo mbele ya mtu mgumu kuliko wote, likamshinda, naye akarudi kulitengeneza badala ya kulitupa.

Mfano wa nguvu zaidi wa zama zetu ni wa mwaka 2004, huko Brissago, Uswisi. Vladimir Kramnik alikuwa akitetea ubingwa wa dunia dhidi ya Péter Lékó wa Hungaria. Katika mchezo wa nane Kramnik alikuwa na kete nyeupe, na Lékó akaingia Shambulizi la Marshall. Kramnik alikuja na njia iliyoandaliwa nyumbani kwa msaada wa kompyuta. Kwenye hatua ya 24 akamtoa malkia wake kwa ngome, na kwenye ya 25 askari wake akafika a6, hatua mbili tu kabla ya kuwa malkia mpya. Kwa macho ya haraka Nyeupe anashinda, maana nani atamzuia askari huyo?

Lékó hakumzuia. Akiwa mezani, saa ikitembea, aliona kwamba hana haja. Alimpeleka malkia d3, ndani kabisa ya eneo la Nyeupe. Askari akiendelea mpaka a8 na kuwa malkia, mfalme wake anakufa kwanza, kwa cheki na kafara zinazofuatana kuizunguka f3. Kramnik alitafuta njia nyingine, akaacha baada ya hatua ya 32. Kompyuta za wakati ule zilihitaji kuachwa zifikiri muda mrefu ndipo zione hatua ile, na binadamu aliiona kwa ufahamu wake wa nyumba nyeupe zilizo wazi. Matokeo yalimpeleka Lékó mbele katika mechi. Kramnik aliokoa taji lake kwa kushinda mchezo wa 14, wa mwisho, na mechi ikaisha saba kwa saba.

Baada ya hayo swali la mwanzo linajibika kwa urahisi. Mchezaji wa juu mwenye kete nyeupe anataka kutumia ile faida ndogo ya kuanza kwanza. Akiingia Shambulizi la Marshall anapata askari, kisha anatumia saa nzima kumlinda mfalme, na mara nyingi kete zinapungua mpaka kubaki mwisho ambao askari wake wa ziada hatoshi kushinda, kwa kuwa Nyeusi amebaki na maaskofu wawili wenye nguvu. Sare. Kwa aliyecheza na kete nyeusi, sare dhidi ya mtu wa kiwango chake ni mapato mazuri. Kwa mwenye nyeupe ni nafasi iliyopotea. Basi anaona bora asiingie.

Kuna njia zake za kutoingia, na baadhi zinachaguliwa kwenye hatua ya 8, badala ya c3. Garry Kasparov alipokutana na Nigel Short mjini London mwaka 1993 alisukuma askari a4, akimgusa askari wa b5 na kumlazimisha Nyeusi ashughulike na upande huo kwanza. Wengine husukuma h3 na kungoja. Hatua hizo ni nzuri, lakini hazina makali ya c3, kwa sababu hazijengi lile eneo la kati ambalo Kihispania huchezwa kwa ajili yake. Hapa napenda watu watulie kidogo. Nyeusi hajacheza d5. Amempeleka tu mfalme wake g8 kabla ya kusogeza d6, na tayari Nyeupe amebadilisha mpango wake wote. Tishio limefanya kazi bila kutekelezwa. Na wakati mwingine hata kukwepa hakusaidii: mwezi Novemba 2021 mjini Dubai, katika mchezo wa kwanza wa kuwania ubingwa wa dunia, Ian Nepomniachtchi alicheza h3, na Magnus Carlsen akampeleka farasi a5 na kumtoa askari wa e5 vilevile, kwa wazo lilelile la kubadilisha askari kwa uhuru wa kete. Iliisha sare.

Wanaotaka kupambana bila kukwepa siku hizi hucheza c3, wanamla askari, na baada ya c6 ya Nyeusi wanasogeza askari wa d nyumba moja tu, d3, badala ya mbili. Hatua hiyo inaonekana ya woga, lakini ina akili. Malkia wa Nyeusi akishafika h3, ngome ya Nyeupe inaweza kupanda e4 na kulindwa hapo na askari wa d3, kisha ikahamia h4 kumfukuza malkia. Kwenye njia ya d4 ngome hiyo ikifika e4 haina askari wa kuishika, nayo hushambuliwa mara moja. Nyeusi naye amepata jibu: askofu anatoka f5 mapema na kumkalia askari wa d3, ili ngome isipate utulivu inaoutaka. Nani yuko juu katika nafasi hiyo bado hujadiliwa kwa hatua za 20 na 25, farasi wa Nyeusi akiwa bado amesimama d5.